Likizo Niliyotolewa Sadaka

Nyakabanda iliniamsha kwa sauti ya cherehani. Nyumba ya Bibi Verediyana ilichangia ukuta mmoja na duka la fundi nguo, Mwislamu aliyetoka msikitini alfajiri na kuanza kazi papo hapo, na cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa inadai mafuta tangu enzi na enzi. Kra-kra-kra, kimya, halafu kra-kra-kra tena. Nililala kwenye godoro jembamba chini ya dirisha, na kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilidhani niko kwetu Remera na kwamba sauti ile ni ya Mama anakwangua sufuria. Kisha harufu ya nyumba ile inanifikia, harufu ya mkaa uliozimwa kwa maji na mablanketi yaliyokaa sana sandukuni, nami najua niko wapi. Nilikuwa na miaka kumi. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na mvua ilinyesha karibu kila alasiri.

Ngoja nieleze nilifikaje pale, maana kwa hiari yangu nisingefika. Mimi na Mama tulikuwa Wanyarwanda wa kutoka Tanzania. Baba alifia huko, tukarudi wawili, na chumba chetu cha kwanza Kigali kilikuwa Nyakabanda, kwa sababu Nyakabanda unaweza kununua chumvi na kusalimia watu kwa Kiswahili bila mtu kukukodolea macho. Baadaye Mama alipata kazi ya kupika kwenye mkahawa mmoja wa Gisimenti, tukahamia Remera karibu na kazi, lakini kanisa hakulihama. Kila Jumapili tulivuka mji mzima kwenda kusali Nyakabanda. Ibada ikiisha, akina mama walibaki kwenye mabenchi ya nyuma wakagawana watu wa kutembelea wiki ile: huyu amejifungua, huyu amefiwa, huyu anaumwa na hana wa kumfulia. Ilipofika zamu ya kuchanga, Mama alisema maneno yaleyale, bila haya hata kidogo: "Mimi sina hela. Nitatoa muda." Na alikuwa anautoa kwelikweli. Siku yake moja ya mapumziko iliishia kwenye mabeseni ya watu wengine, anafua shuka za wagonjwa huku anaimba, mimi nimekaa pembeni namsubiri amalize.

Mwaka ule aliyetajwa kwenye mabenchi alikuwa Bibi Verediyana. Alikuwa mjane, na aliwahi kuwa na watoto. Hakuna aliyebaki, na katika mji huu mtu akikuambia hivyo huulizi zaidi. Binti wa jirani aliyekuwa akilala kwake aliolewa Uganda, Bibi akabaki peke yake, na akina mama waliokwenda kumwona waligundua kwamba hapiki tena. Walimpelekea uji, akaurudisha na bakuli lake limefunikwa vizuri. Walimpelekea maharage, akawaambia wampelekee maskini. Sijui Mama alipanga nini na nani. Ninachojua ni kwamba Jumapili moja, kwenye basi la kurudi, alinishika mkono akaniambia nimekuwa mkubwa sasa, na kwamba Bibi Verediyana anaumwa ugonjwa wa kukaa peke yake, na dawa yake ni mtu wa kukaa naye. "Na wewe, Neema, una likizo nzima," alisema.

Jamani! Mama alitoa sadaka, na sadaka yenyewe nikawa mimi. Wiki chache nyuma mhubiri alikuwa ametusimulia habari za Msamaria mwema, jinsi alivyomwona mtu ameumizwa njiani akampandisha juu ya punda wake, na kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikaa nikimfikiria yule punda. Msamaria alisifiwa, majeruhi alipona, na punda hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Nilipofungiwa nguo zangu na kitabu cha nyimbo, nilinuna kuanzia Remera hadi mlangoni kwa Bibi. Mama alinibusu kwenye paji la uso, akaondoka haraka bila kugeuka nyuma. Niliona ana haraka ya kunitua, na wazo hilo ndilo lililokuwa likiniuma likizo yote: kwamba nyumbani hanitaki.

Bibi Verediyana hakuwa mtu wa maneno. Aliamka, akasali, akafagia ua uliokuwa msafi tayari, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni na mikono imelala mapajani. Akinihitaji aliita "Wewe mutoto!" nami nakwenda, nachambua maharage, namenya viazi vitamu, nakoroga uji wa mtama mpaka bega linauma. Halafu tunakaa. Sijawahi kukaa vile tena maishani. Nje watoto wa mtaani walicheza na mpira wa matambara na kupiga kelele kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu wakati huo kilikuwa cha kubahatisha; nikifungua mdomo waliniita Mtanzania na kuniiga huku wakibana pua. Basi nikarudi ndani. Mchana mvua ikigonga mabati hata cherehani ya jirani haisikiki, nami najisikia kama dunia nzima imefunga milango na kuwasahau watu wawili ndani. Nilimkumbuka Mama kila saa. Nilitamani hata vitu nilivyokuwa nikivichukia, kama harufu ya vitunguu kwenye nywele zake akirudi kazini.

Kilichonishangaza ni namna Bibi alivyonitendea. Kiazi kikubwa kilikuwa changu kila siku. Maziwa yakipatikana yalikuwa yangu yote, yeye anakunywa maji ya moto. Mama Shabani, mke wa fundi nguo, alikuwa akipita mlangoni jioni, na wawili hao wananong'ona, kisha Mama Shabani ananitazama kwa huruma, anatikisa kichwa, na baada ya muda inaletwa chapati iliyofungwa kwenye kitambaa. Siku moja alinipima mabega kwa mikono yake, akasema atamwambia mumewe anishonee gauni la mabaki ya vitambaa. Nilimshukuru, nikabaki najiuliza: kwani mimi nina nini? Si mimi niliyekuja kuhudumu hapa?

Bibi hakuwa akienda kanisani tena, nami nilibaki naye; Mama alikuja kila Jumapili baada ya ibada, na sukari au kipande cha sabuni. Jumapili ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia, kwamba nitakuwa mtoto mzuri, nitafua sare yake ya kazi, anirudishe tu. Lakini aliingia na macho mekundu ya usingizi, akakaa chini, akavua viatu, akauliza kwa sauti ndogo, "Unaendeleaje, mwanangu?" na mimi nikaona hawezi kuongezewa mzigo. Nikasema vizuri. Akasema Mungu asifiwe. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba miwili ya Bibi, nikalia huko mpaka kamasi zikaisha.

Mambo yalifumuka katikati ya likizo, mchana wa mvua, tukiwa tunachambua maharage kwenye ungo mmoja. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimemchunguza Bibi kwa siku kadhaa, nikaona anakula, anafagia, hata juzi aliimba kidogo, nikahesabu kwamba ugonjwa unaelekea kwisha. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Bibi, utapona lini ili nirudi kwetu?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Nani iko mugonjwa?"

"Si wewe? Mama alisema unaumwa upweke, ndiyo maana nimekuja kukusaidia."

Akaanza kuongea, na alikuwa hajawahi kuongea na mimi maneno mengi hivyo kwa mkupuo. "Mama yako alikuja hapa, alipiga magoti. Alisema iko na kazi mingi, iko na shida, hana mahali ya kuacha mutoto. Mimi nilikuwa sitaki mutoto. Mimi ya mutoto nilimaliza. Lakini nilisema, hii ni kazi ya Mungu, alete yeye."

Loo! Kumbe mwezi mzima nilikuwa yatima wa Nyakabanda! Kiazi kikubwa, maziwa, chapati, gauni la mabaki, vyote vilikuwa sadaka kwa mtoto wa shida, na huyo mtoto wa shida nimejaa kiburi nikidhani kila uji ninaokoroga unaandikwa mbinguni. Na Bibi wa watu alikuwa anajinyima maziwa kwa ajili yangu huku mimi najinyima nyumbani kwa ajili yake. Niliona aibu, nikaona hasira, na juu ya vyote nikaona matumaini: basi sasa narudi kwetu! Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba kama yeye hanihitaji na mimi simhitaji, hakuna haja ya kuendelea, Jumapili tumweleze Mama anichukue. Bibi aliendelea kutoa mawe kwenye maharage hadi mvua ikapungua. Ndipo aliposema kwamba tusimwambie. Mama ataona haya, alisema. Mama anatoka kazini amechoka, hana hela, hana mume, kitu kimoja tu kinampa furaha, kujua kwamba kuna mtu amemsaidia. "Mwache asaidie," alisema Bibi Verediyana. "Tutamalizia likizo, wewe na mimi, kwa ajili yake."

Nikalia. Nikakubali. Sitadanganya kwamba niliguswa na Roho. Nilikubali kwa sababu alinisemesha kama mtu mzima na sikujua namna ya kukataa. Kuanzia hapo tukawa na kazi ya pamoja. Jumapili, akiona Mama anakata kona ya duka la fundi, alinifinya mkono, "Cheka, mutoto, mama yako iko hapo!" nami nacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, nikimwonyesha Mama gauni langu jipya na kumwimbia nyimbo nilizojifunza. Bibi kwa upande wake alimshukuru Mama kwa kumletea mtoto mwenye mikono myepesi, na Mama akaondoka anatabasamu. Mlango ukifungwa tunatazamana, tumechoka wote wawili. Siku za katikati ya wiki nazo zililegea. Alianza kuniambia majina ya watoto wake, moja leo, jingine keshokutwa, pamoja na kitu kidogo alichokuwa akipenda kila mmoja, maharage yakiwa yanachemka. Alinifundisha Kinyarwanda mpaka wale wa mpira wa matambara wakakosa cha kuniiga. Nilimpenda, namshukuru Mungu nilimpenda. Lakini hamu ya nyumbani haikuisha hata siku moja, na yeye alijua, kwa sababu jioni nikikaa kimya alivuta kigoda chake karibu na changu.

Shule zilipofunguliwa Mama alinichukua. Bibi alinipa mkono kama wanavyopeana watu wazima, akaingia ndani. Nilikuwa nikimtembelea Jumapili, kisha nikaenda shule ya bweni, na nilikuwa huko akina mama wa kanisa walipomzika. Habari zilinifikia wiki mbili baadaye. Nilitoka darasani nikakaa chooni, mahali pekee palipokuwa na mlango wa kufunga.

Sasa naishi Kibagabaga, kwenye nyumba yenye geti na vyumba vitatu ambavyo viwili havina mtu. Nina kazi nzuri, na kanisani wananihesabu mtu wa huruma. Kikundi chetu kiko kwenye simu: ikitangazwa kwamba fulani amefiwa au fulani amelazwa, natuma mchango hapohapo na kurudi kwenye kazi yangu, wakati mwingine bila kumaliza kusoma jina. Mwezi uliopita nilimpelekea Mama dawa zake za presha. Bado yuko Remera, nyumba ileile, peke yake. Nilikuwa nimepanga kukaa robo saa, lakini mvua ilinibana, na katika kupoteza muda nikamsimulia, kwa mara ya kwanza, habari ya ungo wa maharage na zile Jumapili zetu za maigizo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilingoja aseme kitu cha kuchekesha, maana Mama hakosi neno.

"Kila Jumapili nilikuwa nakuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo zako," alisema. "Nikajisemea moyoni, akilia tu, hata kidogo, nimfungie nguo zake turudi nyumbani. Nisingekuja kukuchukua hivihivi, ningekuwa nimemnyang'anya Mungu nilichompa. Lakini ungelia, ningekuwa na sababu. Ukawa unacheka." Alikunja kitenge, akakikunjua. "Nikawa narudi na mfuko wangu. Nyumba hii ilikuwa kubwa, Neema. Mezani nilishindwa kukaa. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni."

Miaka yote hiyo nilibeba ile haraka yake ya kuondoka mlangoni kwa Bibi bila kugeuka, na siku ile ndipo nikaambiwa kwa nini hakugeuka. Nikafikiria michango yangu ya simu, ninavyotoa kitu ambacho kesho sitajua kama kimepungua, wakati yeye alitoa mtu pekee aliyekuwa naye. Mvua ilikuwa imekatika, na simu yangu ilikuwa inatetemeka mkobani, watu wananisubiri kikaoni. Nilimuuliza siku hizi anakula wapi.

"Jikoni," alisema Mama. "Nimesimama. Ni haraka zaidi."