Besi Ile Haikuwa Yangu

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Besi inayosikika kwenye ule wimbo wa kufoka uliozunguka Ifakara nzima, hadi bodaboda wakawa wanaufungulia kwenye vispika vyao, sikuipiga mimi. Niliiba kwa mwanamke aliyenifundisha kusikiliza muziki. Nimechoka kulibeba hili peke yangu, ndiyo maana naandika.

Mimi ni prodyuza. Studio yangu ni chumba kimoja pale Mlabani, nyuma ya saluni. Yeye nitamwita dada Felista, ingawa si jina lake; lenyewe ameniomba nisiliandike. Ni mkulima wa mpunga kijijini Kisawasawa, na alikuwa akipiga gitaa la besi kwenye bendi ndogo ya harusi na sherehe za kipaimara.

Alijifunza kwa kusikiliza kaseti za fanki, ule muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, alizoachiwa na marehemu kaka yake. Si fanki ile ya matarumbeta na vinanda kibao. Hii ilikuwa besi, ngoma na makofi, basi. Alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, usijaze kila mahali. Acha uwazi, mtu apate pa kuweka mguu."

Baadaye nilipoanza kuchambua midundo ya hip hop, na hata ile ya kwenye madisko ya siku hizi, nikakuta mifupa ni ileile. Watu walikata vipande vya fanki hiyo kavu, wakavizungusha vijirudie, wakafoka juu yake. Mpaka leo, mdundo ukimwinua mtu kitini, mara nyingi chini yake kuna besi ya noti chache zinazojirudia, na ukimya katikati. Mimi hayo nilikuwa nimeshaambiwa na dada Felista kabla sijagusa kompyuta.

Siku moja mchana alipita studio akitoka sokoni. Akalichukua gitaa langu la besi, akawa anapiga huku anasimulia mvua ilivyoharibu vitalu vya mpunga. Mashine ilikuwa inarekodi. Alipoondoka nikakata kipande, nikakizungusha, nikakiwekea ngoma. Rapa mmoja wa hapa mjini akafoka juu yake. Wimbo ukaenda kuliko tulivyotegemea.

Nilikuwa na nia ya kumwambia. Nasema kweli. Lakini nilipoitwa redioni, mtangazaji akaniuliza, "Hiyo besi umeitoa wapi, kaka?" Nikajibu, "Kichwani tu." Nilitaka nionekane fundi. Baada ya hapo kila siku ikawa vigumu kuliko jana yake kusema vinginevyo.

Kisha ikaja harusi moja kijijini Mbingu. Mimi nilikodiwa vyombo vya sauti, bendi ya dada Felista ikakodiwa kupiga. Wakati wa maharusi kucheza, akaanzisha besi yake ileile, aliyokuwa akiipiga miaka yote watu wakiinuka nayo. Mshereheshaji akadaka maiki: "Jamani, mama naye kaiba biti la vijana!"

Ukumbi ukacheka. Vijana nyuma wakaanza kuzomea. Mshereheshaji akanigeukia: "Si prodyuza mwenyewe huyu hapa? Mdai huyo mama haki yako."

Dada Felista akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa anasubiri tu. Binti yake alikuwa amesimama karibu na spika, naye ananitazama.

Nikacheka pamoja nao. Nikainama chini ya meza, nikajifanya natengeneza waya.

Alimaliza wimbo kama kawaida, akalivua gitaa, akalirudisha kwenye mfuko wake. Tangu siku ile hajapiga tena. Bendi ikakaa kidogo bila besi, ikafa.

Na mimi nikakauka. Rapa alitaka wimbo mwingine kama ule. Nilijaza kinanda, nikajaza filimbi, nikajaza kila upenyo. Watu walisikiliza wamekaa. Nikajua sina changu.

Mwishowe nikaenda Kisawasawa. Nilimkuta anapepeta mchele uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwambia yote, ingawa yote alikuwa anayajua. Alipepeta mpaka mchele wa ungoni ukaisha, ndipo akasema, "Kunichukulia ningekusamehe siku ileile. Hata mimi nilichukua kwenye kaseti, na kila aliyeniuliza nilimwambia. Lakini tuliporudi nyumbani kutoka Mbingu, mwanangu aliniuliza, 'Mama, ni kweli uliiba?' Nikamwambia hapana. Akaenda kulala. Mpaka leo sijui kama aliniamini."

"Niko tayari kumwambia mwenyewe."

"Ameshaolewa Mlimba. Nenda kamwambie. Ila mimi sirudi kupiga. Mikono imekataa."

Nilikwenda Mlimba. Binti alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akauliza kitu kimoja: "Sasa siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Nikarudi redioni kusema ukweli. Mtangazaji akadhani najishusha, akanisifu kwa unyenyekevu, akaweka matangazo. Wakati huo besi ile ilikuwa imeshakatwa na wengine, imeingia kwenye nyimbo za singeli za watu wasionijua mimi wala yeye. Inachezwa, na haina mama.

Nyinyi mnaotengeneza muziki, kuchukua kutakuwepo tu. Muziki huu wote umeishi kwa kuchukuliana. Lakini ukiulizwa nani kapiga, taja jina palepale, hata kama sauti inatetemeka. Ukichelewa, utakuja kulitaja mbele ya watu ambao hawaulizi tena.