Pikapu Iliyozimika Mlangoni kwa Mtani

Gari haliwezi kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya yeyote, hata mbele ya vijana wenye vyeti vya ufundi, maana mimi darasa la saba ndio mwisho wangu, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Msamala, nyumba ya vigae, na pikapu niliyoinunua bila kumpigia mtu magoti. Pua yangu ilijua magari kabla ya macho yangu. Nikisikia harufu ya mpira wa waya ulioungua, imechanganyika na vumbi la mahindi makavu, narudi palepale Mjimwema, kipupwe kile ambacho baba alikuwa na pikapu yake. Asubuhi za Songea mwezi wa saba zinauma. Tulikuwa tunaamshwa na mlio wa injini ikikohoa uani, na mimi natoka nimejifunga shuka ya mama, nakwenda kuweka viganja juu ya boneti ili vipate moto.

Baba aliuza ng'ombe wake wawili na kiwanja cha urithi ili ainunue. Ilikuwa kuukuu, lakini aliipeleka kupigwa rangi ya kijani, na fundi rangi akapuliza kila mahali, hadi uvunguni, maana baba alitaka watu waione kutoka mbali. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Msimu wa mavuno angebeba mahindi ya wakulima wa vijiji vya njia ya Tunduru hadi kwa wafanyabiashara mjini, na fedha hiyo ndiyo ingenipeleka sekondari. Nilikuwa nimechaguliwa. Mama alikwishanunua sanduku la bati, likakaa chini ya kitanda likinukia rangi mpya, na kila jioni nililifungua na kulifunga tu, nisikie linavyolia.

Sasa, kabla ya mavuno babu akafariki. Msibani akaja Mzee Kikoti, fundi baiskeli, jirani yetu na Mhehe wa Iringa. Wahehe na sisi Wangoni ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Mzee Kikoti aliingia kaburini, akalala chali, akafumba macho. "Sitoki," akasema. "Huyu babu alikuwa na deni langu. Nataka mbuzi." Watu walicheka huku wanalia. Kwa kawaida mfiwa hutoa chochote mambo yakaisha, lakini fedha yote ya baba ilikuwa imelala ndani ya pikapu, na kiburi chake kilikuwa kimelala humo humo. Akakataa. Wajomba wakachanga sarafu wakamtoa mzee wa watu kaburini. Akajikung'uta udongo, akamtazama baba, akasema, "Haya, Mngoni. Hilo gari lako halivuki mlango wangu mpaka nimwone mbuzi." Watu wakacheka tena.

Wiki iliyofuata ikazimika mlangoni kwake.

Pale mbele ya nyumba ya Mzee Kikoti barabara inashuka kwenye kalavati, halafu inapanda. Pikapu ilifika chini na magunia yake, mara taa, honi, injini, vyote vikakata kwa pamoja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Tukaisukuma hadi juu, baba akazungusha ufunguo, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Safari mbili ikapita salama. Ya tatu ikazima palepale. Na Mzee Kikoti hakukosa kuwapo, na pampu yake ya baiskeli mkononi, akisalimia Kihehe. "Kamwene, Mngoni! Umeleta mbuzi au umekuja kusukuma?" Baba anasukuma, meno ameyauma. Mzee anaendelea, sauti yake yafika hadi kisimani: "Likipinda hapa shimoni ndipo linapokata! Gari lako lina kiuno kibovu, lifunge kibwebwe!" Wanawake wa kisimani hoi kwa kicheko. Na baba hana la kufanya, kwa sababu utani hauna hasira. Ukimkasirikia mtani umeshindwa wewe. Sijui kama kuna adhabu kubwa zaidi ya hiyo, kutukanwa kila siku na mtu ambaye mila inakulazimisha umchekee.

Mafundi walitumaliza. Wa kwanza alisema betri, tukabadilisha betri. Wa pili akasema dainamo, akaifungua, akaisuka waya upya. Wa tatu alilaumu swichi ya ufunguo. Gari lenyewe likifika gereji ni zima kabisa, kama mtoto mgonjwa anayecheka akimwona daktari. Tena walilipima likiwa tupu, kwenye uwanja sawa, kisha wakamwambia baba, "Mzee, hapa hakuna ugonjwa." Mama alimwambia usiku mmoja, kwa upole, "Baba Fulgensi, mpe tu huyo mbuzi." Baba akajibu, "Nikimpa, nimekubali kwamba ananiweza." Akapenda kurudia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na alimaanisha jirani. Wenye mahindi hawakuwa na muda wa methali. Mmoja alihamisha magunia yake palepale kwenye kalavati, akayapakia kwenye lori la mwingine mbele ya macho yetu, na habari ikaenea kwamba pikapu ya kijani ina mambo. Kabla kipupwe hakijaisha baba aliiuza kwa hasara kwa mtu wa Tunduru. Sanduku la bati mama aliwekea unga. Mimi nikaenda kubeba matofali.

Nimesema sishangazwi. Basi mwaka huu pikapu yangu ikaanza. Taa zinafifia, redio inakata, injini inazima, halafu vyote vinarudi. Ni gari la miaka mingi, lakini nilikuwa nimelipiga rangi upya, kijani ile ile, kwa ajili ya baba. Kijana wa gereji akachomeka kompyuta, ikaandika makosa tisa, hakuna hata moja la kweli. Nikanunua betri. Nikanunua dainamo ya mtumba. Nikafoka, nikabadilisha gereji, na lilipofika kila gereji lilicheka kama lile la zamani. Kisha Jumamosi moja nikiwa na saruji nyuma, nikielekea Mjimwema, likakata kwenye kalavati ile ile. Mama Tumaini, binti wa marehemu Mzee Kikoti, alikuwa anaanua nguo. Alishika kiuno. "Mngoni! Ukoo wenu wote mna viuno vibovu? Linapinda hapo na linakata, kama la baba yako!"

Sikucheka. Nililala chali chini ya gari, kama mzee yule kaburini. Waya wa erthi, ule mnene unaotoka kwenye betri, umefungwa kwenye chesisi, mifupa ya gari, kwa bolti moja. Na chini ya bolti hiyo kulikuwa na rangi ya kijani, safi, nene. Rangi haipitishi umeme. Gari likiwa tupu waya hugusa kidogo, ukabahatisha. Likibeba mzigo na kupinda shimoni, unaachia. Nilikwangua, nikakaza, likawaka. La baba siwezi kuapa, liliishia Tunduru. Lakini mzee alituambia ugonjwa kila siku, kwa sauti, barabarani, bure, na hatukumsikia kwa sababu alikuwa mtani.

Baba hakuwa na mbuzi wa kutoa, mimi ninao. Nilimpelekea Mama Tumaini dume jeusi la elfu mia na ishirini. Alilikagua meno, akasema limekonda kama Mngoni, akalipokea. Betri, dainamo, kompyuta na mikono ya mafundi vilikuwa vimekula laki tano na themanini. Msasa na bolti mpya, ambavyo ndivyo pekee gari lilivyohitaji, elfu moja na mia tano. Jumla, shilingi laki saba, elfu moja na mia tano.