Nani Atafungua Banda Kesho

Majivu yaliyochanganyika na kinyesi cha kuku, yakishapata unyevu wa asubuhi, hutoa harufu kali inayopanda moja kwa moja puani. Si harufu nzuri, sitawadanganya. Lakini kila nikiinama kufagia banda langu hapa Arua, nyuma ya nyumba, harufu hiyo ikinipata tu, narudi Midia, kijijini kwetu, kwenye ua wa Habuba, mama yake baba yangu, mwaka ule tuliporudi kutoka Zaire.

Tulipokimbilia Zaire wakati wa vita nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo safari ya kwenda siikumbuki hata kidogo. Nilikulia huko, katika kibanda cha nyasi kwenye shamba la watu, na kwangu mimi hayo ndiyo yalikuwa maisha. Watu hulala na nguo za mchana. Furushi la vitu hukaa karibu na mlango, limefungwa kwa kanga. Na kuku hulala juu ya mti.

Mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuku wetu kulala mtini. Jua likielekea kuzama aliwakamata wale wadogo walioota manyoya, akawapandisha mmoja mmoja kwenye tawi la mparachichi. Wakishuka anawapandisha tena, bila hasira, mpaka wanazoea. Wenyeji wakipita njiani walisimama kumcheka. "Huyu mama anafuga kuku ao kanga wa pori?" waliulizana. Mama alicheka nao, kisha akaendelea kupandisha kuku wake.

Tulirudi na hao kuku ndani ya tenga, nyuma ya baiskeli ya kukodi, na zaidi ya hao hatukuwa na mfugo mwingine. Alikuwemo jogoo tuliyemwita Sajini kwa jinsi alivyotembea kifua mbele kama yeye ndiye anayelipa mishahara. Alikuwemo Madoa, mtetea wa madoadoa, ambaye Mama alinipa awe wangu. Sikuwa na kitu kingine duniani cha kuita changu, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Habuba alikuwa ametangulia kurudi. Alikuwa ameshasimamisha nyumba, na kando ya jiko amejenga banda jipya la kuku, la fito na udongo, limeinuliwa juu ya nguzo. Mama alipoliona alisimama kidogo. Hakulisifu, wala hakulikaribia. Alizunguka upande wa pili wa nyumba kama mtu aliyekumbuka ana kazi huko.

Jioni hiyo kuku walitazama huku na huku, wakauona mkwaju uliokuwa uani, wakaruka juu. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Taabu ni kwamba kule Zaire mti wetu ulizungukwa na mioto ya watu wengi, na hapa, kwa miaka yote ambayo watu hawakuwepo, kichaka kilikuwa kimekuja mpaka jikoni. Paka-mwitu walikaa humo, na mkwaju kwao ni ngazi tu. Haukupita muda tukaanza kuamka na kukuta manyoya chini.

"Kuku hii nalala juu kama abiria," Habuba alisema. "Hapa iko nyumbani ama iko stendi ya lori?"

Mama aliendelea kumenya muhogo.

Basi Habuba akaanza mafunzo, na mimi nikawa mkono wake. Kila mtu kwetu anajua namna ya kumzoesha kuku mahali pa kulala: unamfungia ndani siku kadhaa, unamlisha humo humo, ukimwachia anarudi mwenyewe. Lakini Mama alikataa asifungiwe hata mmoja. "Mlango hapana," alisema, na sauti yake ilimfanya hata Habuba, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazishwa, akubali.

Ikabidi tufundishe bila mlango, yaani kazi mara mbili. Mchana tuliwanyima chakula. Jioni nilitandaza majivu mapya ndani kwa ajili ya utitiri, nikamwaga mtama juu ya jamvi kuukuu, na msimu wa kumbikumbi ulipofika nikawawekea kumbikumbi, ingawa roho iliniuma maana nami nilikuwa nawapenda. Waliokwenda mtini Habuba aliwanyunyizia maji kwa ufagio. Nami niliwabeba, miguu yao ikinikwaruza mikono, nikawaweka kwenye fito.

Sajini, jamani! Huyo aliingia na wenzake, akala mtama wote alioweza, akatoka, akaruka mkwajuni, kisha akawaita wanawake wake wamfuate. Habuba alimtukana kama askari mlevi aliyekosa gwaride. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu jioni moja Madoa alipanda ubao wa kuingilia bila kusukumwa na mtu, akainama, akaingia, akachagua nafasi yake kwenye ufito. Wengine wakamfuata. Mwisho kabisa na Sajini, akijifanya anakagua tu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Lakini banda lenye kuku na lisilo na mlango ni sahani iliyoandaliwa. Habuba alijua. Alikuwa na ubao tayari, wa sanduku la zamani la risasi, na kila jioni aliuegemeza pale kwenye tundu. Kila jioni Mama alipita baadaye, akautoa, akaulaza chini. Hawakugombana. Mmoja anaweka, mwingine anatoa, kisha wanakula pamoja.

Asubuhi niliyokuwa naiogopa ikafika. Manyoya yalikuwa ndani ya banda safari hii. Mtetea mweupe aliyelala ubavuni mwa Madoa hakuwepo, na bawa la Madoa lilining'inia, lina damu. Nilimbeba mpaka kwa Mama nikilia, nikampigia kelele kama ambavyo mtoto wa kwetu hampigii mama yake. "Kwa nini wewe nakataa mlango? Unataka paka imalize yeye?"

Nilingoja kofi. Mama alimchukua Madoa, akamweka mapajani, akaanza kumpaka majivu kwenye jeraha.

"Siku ile tulikimbia," alisema, bila kuniangalia, "mimi ndiyo nilifunga kuku. Jioni. Nilifunga vizuri, nikaweka na jiwe. Usiku watu wakalia, tukatoka mbio. Nilifika mbali ndiyo nikakumbuka. Hapana mutu alifungua."

Habuba alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Yeye ndiye aliyelikuta lile banda la zamani aliporudi, jiwe likiwa pale pale. Hakusema aliona nini ndani. Alisema tu, "Wacha mama yako, mtoto yangu."

Jioni Mama alikuja mwenyewe na ubao. Kuku walikuwa wameshaingia, Madoa katikati yao. Alichuchumaa mbele ya tundu.

"Kesho nani tafungua?" aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Na kama wewe hapana?"

"Mimi iko," Habuba akajibu.

"Na kama wewe pia hapana?"

Habuba hakuwa na haraka. Alijifunga kanga yake upya. "Sisi iko, binti yangu," akasema. "Sisi iko."

Mama akaweka ubao. Akaegemeza jiwe, na mkono wake ukabaki juu ya lile jiwe mpaka giza likaanza kuingia. Asubuhi nilipotoka kufungua nilimkuta amenitangulia, na kuku wamejaa miguuni pake.

Wakati ule nilifurahi kwa sababu ya Madoa tu. Alipona, akaatamia, akajaza ua vifaranga. Kwamba siku chache baadaye furushi la karibu na mlango halikuwepo, na kanga yake imetandikwa kitandani, hilo niliona jambo la usafi. Hata usiku Mama alipoanza kuvua gauni lake na kulala kama watu wengine, nilidhani ni joto. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa kwamba kuku walijifunza kulala nyumbani kabla yake, na kwamba kwake ilikuwa vigumu zaidi.

Hapa Arua banda langu lina mlango wa bati na komeo. Jioni nikilifunga huuliza kwa sauti, kesho nani atafungua. Wanangu wanadhani nagawa kazi, wananijibu kwa uvivu wakiwa ndani: "Mimi, Mama." Nangoja nisikie jibu hilo, kisha ndipo nasukuma komeo.