Pakavu Chini ya Tandiko

Mwanangu, kaa kidogo. Nimetoka kazini mabega yanawaka, na kila nikichoka hivi namkumbuka farasi mmoja.

Ilikuwa Louisville, Marekani, mwaka 2015. Tulikuwa bado wageni pale mtaa wa South End, mimi na shangazi yangu Furaha, tukisafisha banda la farasi nje ya mji. Ukutani lilining'inia tandiko la makauboi. Mwanangu, lile tandiko! Ngozi yote imechongwa maua, na mbele ile pembe ambayo wachunga ng'ombe wa zamani walifungia kamba wakimzuia fahali. Nikiwa na koleo la samadi mkononi, niliota nimelikalia, kundi zima la ng'ombe mbele yangu.

Bosi naye alilipenda. Kila wageni wakija, alimtandika nalo Deizi, farasi jike mpole. Halafu Deizi akaanza kupiga mateke. Bosi akasema, "Jumamosi anakwenda mnadani."

Nililia, sikufichi.

"Unalia huku unaangalia maua!" Shangazi akacheka kwa uchovu. "Bon, haya, nyanyua ile kitu tuone."

Nikalivua lile tandiko. Mgongo wote wa Deizi ulikuwa umelowa jasho, ila sehemu mbili karibu na mabega. Pakavu kabisa.

"Kumbe hapa hajachoka," nikasema.

"Mjinga wangu! Hapo ndipo kunamuuma. Tandiko inabana mpaka jasho inakosa njia. Gusa."

Nikagusa. Deizi akatetemeka mwili mzima.

Shangazi alikulia na ng'ombe, milimani kwetu Uvira, Kongo. Akamwita bosi, akamshika mkono, akauweka pale pale. Bosi akaenda akaleta tandiko kuukuu, pana, lisilo na ua hata moja. Deizi akatulia. Jumamosi ikapita, yuko bandani.

Jioni ile kwenye basi nikamwangalia shangazi. Mchana alifanya kazi bandani, usiku ghalani. Nyumbani sisi wengine sote tulilalamika, yeye hata siku moja.

"Shangazi, wewe unaumwa wapi?"

Akageukia dirisha. Tulipokaribia kushuka ndipo akasema, "Donc, basi leo na mimi umeniona."

Wiki iliyofuata zamu yake ya usiku ghalani niliingia mimi, yeye akalala.

Basi, mwanangu, anayekubeba usingoje apige teke. Yule asiyelalamika, mnyanyulie mzigo wake uangalie chini. Mungu akupe mgongo wenye nguvu, na akupe mtu wa kukuuliza unaumwa wapi.