Kukaza Pedeli za Gitaa la Marehemu

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri, mimi nikiwa jikoni, alipaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Bibie, njoo unikanyagie!" Jirani mmoja mgeni aliwahi kutoka mbio akidhani kuna ugomvi. Ugomvi haukuwepo. Alikuwa ananiita kwenye gitaa lake.

Ni gitaa lisilopakatwa. Linalala kama meza nyembamba juu ya miguu minne, nyuzi kumi zikitazama dari, na chini kuna pedeli tatu na vyuma vinavyoning'inia usawa wa magoti. Ukikanyaga pedeli, uzi mmoja au nyuzi mbili zinapanda sauti. Ukisukuma chuma kwa goti, mwingine unashuka. Mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti inayotoka ni ya mtu anayelia huku akijizuia. Mume wangu alikuwa mfua nguo kwenye kampu ya wageni upande wa Palma. Mgeni mmoja aliyefuliwa naye alipomaliza kazi alishindwa kupanda nalo ndege, akamwachia. Basi likaja kwetu Quionga nyuma ya pikapu, limefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu.

Siku ya kwanza tulipoliweka barazani, mama wa nyumba ya pili alikuja na kanga zake zikunjwe pindo. Ameona meza, ameona pedeli, basi ni cherehani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo mtaani tukawa watu wa cherehani. Vita vilipofika tukakimbilia ng'ambo ya mto Ruvuma tuliliacha, na tuliporudi tulikuta milango imeng'olewa na sufuria hakuna hata moja, lakini gitaa lipo pale pale. Nadhani walioingia walitafuta sindano, hawakuiona, wakalidharau.

Mume wangu alijifunza kwa video za simu, siku ambazo mtandao ulikubali. Aliniambia kwamba hewa yetu ya chumvi inazilegeza pedeli, na kwamba kuzirekebisha ni kazi ya watu wawili. Mimi nilikaa kitini, mguu juu ya pedeli, magoti tayari. Yeye alikaa kwenye kigoda upande wangu wa kulia, pale nyuzi zinapoishia, ambapo kila uzi una nati zake ndogo za plastiki. Nikikanyaga, anadonoa nyuzi mbili kwa pamoja na kuzungusha nati kwa kifunguo. Nyuzi zikiwa hazijapatana, sauti inatetemeka, wa-wa-wa. Nati ikiingia kidogo mtetemo unapungua, ukizidi kuizungusha taratibu unakoma kabisa, na hapo ndipo unapoiacha.

"Achia. Haya, kanyaga tena. Sasa goti la kushoto."

Mlango tuliufunga, maana mwanamke hakai mbele za watu akisukuma magoti huku na huku. Nami nilinung'unika kila siku ya Mungu. Nazi nimeiacha kwenye mbuzi, moto unazimika, wewe na dude lako. Alicheka chini kwa chini bila kuinua kichwa. Mdomo wangu ulikataa, lakini miguu ilikwenda, na sikio langu likajifunza bila kuniomba ruhusa.

Alikufa kwa homa iliyoanza kama mchezo. Watoto hatukujaliwa, kwa hiyo nilikaa eda na gitaa. Nililifunika kanga, kwa sababu nyumba ya msiba haipigi ala, na nyuzi zikaota kutu humo humo ndani ya kitambaa. Watu wanasema upweke ni wa usiku. Wangu ulikuja baada ya alasiri, adhana ikishapita, nikawa nasikiliza jikoni na hakuna anayeniita. Nilimkumbuka hata kunikera kwake.

Nilipotoka eda alikuja mdogo wake marehemu, anayepiga kinanda kwenye kikundi cha harusi huko Mtwara. Alikaa kwa adabu, akanywa chai, akasema, "Shemeji, lile gitaa la kaka likikaa bure litaoza. Nipe nkalipige." Alisema kweli, nikamkubalia. Aliniahidi kurudi kulichukua, yeye na mkewe, ndoa yao ikiwa bado mbichi. Aliniachia na nyuzi mpya.

Nikaapa halitoki mlangoni likiwa linatetemeka. Nilitaka kulisikia likiwa sawa mara moja tu, kama alivyoliacha mwenyewe, kabla nyumba haijanyamaza moja kwa moja. Nyuzi nilizibadilisha, nikazikaza upande wa vichwa, kule zinakoanzia, zikapatana. Zilipobaki pedeli nikakwama, maana mtu wa pili hayupo. Nikamwita mama wa nyumba ya pili, yule yule wa kanga.

Alikaa kitini, akatazama chini, akaanza kukanyaga mfululizo, kulia kushoto, kulia kushoto, kama ana sare za shule za kumaliza.

"Ushike, dada! Ukanyage utulie!"

"Sasa itashona vipi?"

Nilipomwomba asukume chuma kwa goti alivuta kanga yake akasimama. "Nipanue magoti mchana huu? Mie siyawezi, shoga yangu. Ntafute ntu mwingine." Tulicheka sote wawili, akaenda zake, na alipofunga mlango kicheko kikanikauka pale pale. Nilibaki na kifunguo mkononi na mtu wa kumtafuta sina.

Nikakaa kitini mwenyewe, kwa hasira tu. Nikakanyaga pedeli ya kwanza. Nikadonoa nyuzi mbili kwa mkono wa kushoto, zikatetemeka vibaya. Nikanyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye nati, nikitegemea kuinuka, au kujipinda, au mguu kuponyoka kwenye pedeli.

Mkono ulifika. Wala haukunyooka wote. Kiwiko kilikuwa bado kimekunjika. Mguu ulikanyaga, kidole kikadonoa, kifunguo kikazunguka, mtetemo ukapungua, ukakoma. Pedeli ya pili, hivyo hivyo. Goti la kushoto, hivyo hivyo. Kazi nzima inafanywa na mtu mmoja aliyekaa kitako, na ndivyo lilivyotengenezwa.

Niligeuka nikakitazama kile kigoda. "Mwongo wewe," nikasema kwa sauti. "Mwongo mkubwa." Nilikasirika kweli, maana nilikuwa nimeunguza wali mwingi kwa ajili ya uongo huo. Halafu nikalia kama ambavyo sikulia siku ya mazishi. Hakuwahi kuniambia, "Njoo ukae na mimi." Hakuwa mtu wa maneno hayo, na mimi nisingekuja, ningesema nina kazi. Kwa hiyo akatafuta kazi ya kunipa.

Nililimaliza. Kesho yake baada ya alasiri nilikaa tena kulirekebisha, nikakuta liko sawa. Keshokutwa pia. Chumvi ile haikuwa kali kama nilivyoambiwa.

Shemeji alirudi na mkewe, binti mpole anayetazama sakafu. Kijana alipiga kidogo, machozi yakamjaa, akasema kaka alikuwa amelitunza. Kisha akaniuliza pedeli zikilegea afanyeje. Nikamwambia mkewe akae kitini, naye mwenyewe ashuke kwenye kigoda, nikamwonyesha nati.

Alipima kwa macho. Ni mpigaji, si mjinga. "Shemeji, mbona mie naweza kukaa hapo hapo nkakaza mwenyewe?"

"Huwezi," nikamwambia. "Ukijaribu peke yako utazikata nati."

Alinitazama, akaona sicheki, akaketi kwenye kigoda. Mkewe akajifunika kanga magotini, akauliza aanze na mguu gani. Kijana akainamisha kichwa karibu na goti la mkewe na kumwambia akanyage, nami nikatoka nje, kwa sababu sikuweza kuwatazama.