Picha Niliyoupa Mlima

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu Wakio, mama yangu alivaa nguo ya kanisani wakati hakukuwa na ibada wala harusi. Alioga mapema, akajipaka mafuta usoni, akatoa kigoda nje ya jiko na kukaa akielekea jua linakotokea. Kikapu alichokuwa hajamaliza kusuka akakiweka magotini. Mimi nilikuwa napita na kamera ya watu shingoni. Nikamwona, nikajua kabisa anachotaka, nikajifanya sijui.

Nitarudi hapo. Kwanza nijibu swali lako, maana Jumapili uliponiuliza, "Baba mdogo, niende chuo gani?" nilikwepa nikaomba chai iongezwe. Si kwamba sikuwa na jibu. Niliogopa jibu langu lisije likawa la kunifaa mimi kuliko wewe. Umekubaliwa kote kuwili. Kuna kile chuo cha Nairobi chenye ghorofa na jina, miaka mitatu, upigaji picha ukiwa somo ndani ya kozi kubwa. Na kuna hiki cha hapa Voi, mwaka mmoja, vyumba viwili, picha tu basi. Ijumaa unatakiwa uwape jibu. Shule yangu unaijua ilipofika, kwa hivyo nikikosea mahali unisamehe, lakini haya niliyapitia mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wako, palikuwa na mtu wa Taveta aliyekuwa na studio karibu na stesheni ya Voi. Tulimwita Mwalimu Sefu. Alikuwa akifundisha vijana wanne au watano kwa wakati mmoja, na ukimaliza anakuandikia cheti kwa mkono wake. Nilikwenda kuomba nafasi. Hakuuliza matokeo ya mtihani. Alinipa kamera kuukuu na filamu ya picha thelathini na sita, akasema, "Nenda kwenu Makwasinyi, uniletee watu wa nyumbani kwenu. Nikishawaona, nitakwambia kama tutasomeshana."

Mimi nikafika nyumbani nikajiona mtu. Nilidhani kupiga watu ni kazi ya picha za kipande, zile za kitambulisho, na kwamba mpiga picha hasa hupiga vitu vikubwa. Basi nikapiga machweo. Nikapiga malori pale Maungu. Nikapiga shamba la jirani lililokanyagwa na tembo, na mawe, na mawingu. Kufikia ile Jumanne ilikuwa imebaki picha moja.

Mama alipoona napita mara ya tatu, akaniita.

"Mwakio, hicho kitu chako kimekufa?"

"Hakijafa, mama. Imebaki picha moja tu."

"Na mimi si ni mmoja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Ngoja nisome kwanza, mama. Nikirudi nitakupiga ya kisawasawa, yenye mwanga wake."

Alitazama juu, kule mwanga ulikokuwa umejaa tele, halafu akaniangalia. "Haya. Basi uwahi na huo mwanga wako, usinikute nimezeeka." Akafuta mafuta usoni kwa ncha ya leso, akaanza kusokota katani kwenye paja kama siku zote. Baadaye kidogo ukungu ulifunguka juu ya mlima Kasigau, nikapiga ile picha ya mwisho. Ilitoka vizuri, siwezi kusema uongo.

Mwalimu Sefu alisafisha filamu, akazipanga picha mezani wenzangu wakiwa wamezunguka. Akapitisha kidole moja moja. "Mlima mzuri. Lori zuri. Hapa tembo mwenyewe hayupo, umenipigia mavi yake." Vijana wakaangua kicheko. Kisha akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mwalimu."

"Nyumbani wapi? Nimepiga hodi nyumba nzima hapa mezani, sijamwona."

Masikio yaliniwaka moto. Akaniambia nafasi ipo, lakini nirudi na filamu nyingine, nianze na mama. Leo najua alikuwa ananifungulia mlango. Siku ile nilisikia matusi.

Wiki hiyohiyo nikapata kijitabu cha chuo kimoja cha Mombasa. Juu ya jalada palikuwa na vijana walioshika kamera zenye lenzi ndefu kama mkono. Sikufungua hata ndani. Nikatangaza kanisani. Unajua sisi hapa mtoto akienda kusoma ni wa kijiji chote. Wazee waliniwekea mikono kichwani, akina mama wakanifungia maharagwe na kuku, na mama yangu akanipa kile kikapu, sasa kimeisha, nitilie nguo zangu. Wote wakajua Mwakio anakwenda Mombasa kusomea kamera. Ukishaombewa hivyo, mwanangu, utarudije wiki ya pili useme umekosea chuo?

Kozi ilikuwa ya habari na mawasiliano. Picha ilikuwa somo moja kati ya mengi, na kamera zilikaa kwenye kabati la kioo lililofungwa. Mwaka wa kwanza tulichora kamera kwenye daftari. Niliweza kukutajia kila skrubu yake, lakini sikuwahi kufyatua hata moja. Hapa lazima niwe mkweli. Chuo hakikunidanganya. Yote hayo yalikuwa yameandikwa ndani ya kijitabu, ukurasa wa mwisho. Mimi ndiye niliyeishia kwenye jalada. Rafiki yangu Juma, ambaye alitaka kuandika habari, chuo hichohicho kilimfaa kabisa na mpaka leo anakisifu. Walimu walikuwa wazuri. Walikuwa wanafundisha kitu kingine tu.

Kila likizo nilipokwenda nyumbani sikuwa na kamera, na mama hakuuliza tena. Mara moja tu alisema, "Huo mwanga bado hamjaufikia?" nikamwambia bado.

Mwaka wa pili ulikuwa umeanza tu, marehemu baba yako alipopiga simu ofisi ya chuo. Mama alikuwa ameugua wiki moja. Nilifika amekwisha kwenda.

Kukatakiwa picha ya programu ya mazishi. Tulitafuta kwenye masanduku, kwa shangazi, kwa majirani. Hakuna. Mtoto wake alikuwa mwanafunzi wa picha na hakukuwa na picha yake hata moja duniani isipokuwa ile ya kipande. Nikakichukua, nikaenda nacho Voi kwa Mwalimu Sefu. Niliogopa atanikumbusha. Hakunikumbusha. Alisema tu, "Pole, mwanangu. Kishike, kisicheze," akawasha taa zake, akakipiga.

Picha ilipotoka tuliiangalia pamoja. Macho ameyatoa, maana siku ya kuchukua kipande alikatazwa kupepesa. Mdomo umefungwa kama wa mtu mwingine. Pembeni palikuwa na alama ya kidole chake, hafifu sana, karibu hakuna. Nikamsimulia mwalimu alivyotuchekesha mama siku ile, kwamba karani alimbonyeza kidole mara tatu halafu akamuuliza, "Mama, wewe huna kidole?" Katani ilikuwa imekula alama zake zote.

Mwalimu akaweka kidole chake juu ya ile alama. "Hapa ndipo alipo," akasema. "Uso huu walimwambia auvae. Hii ni yake."

Sikurudi Mombasa. Nilibaki kwa Mwalimu Sefu miaka miwili, na picha ya kwanza aliyonituma ilikuwa mikono ya akina mama wa Makwasinyi wakisuka. Tangu hapo nimepiga nyuso za watu wa Voi mpaka simu zikatunyang'anya kazi. Kama nilifanya vizuri kuacha diploma, hadi leo sijui. Pengine yalikuwa majonzi tu, si akili. Ile picha ya mlima ninayo. Ile ya kipande imening'inia studioni kwangu, na wateja huniuliza huyu mama mkali ni nani. Nawaambia hakuwa mkali. Natamani ningekuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Sasa sikia ninachokushauri. Kabla ya Ijumaa, ingia hiki cha Voi kwa miguu yako, na cha Nairobi uwapigie simu. Waulize kote, bila haya, utashika kamera wiki gani. Uliza anayefundisha amepiga nini yeye mwenyewe, uzione picha zake. Uliza kama hukaa na mwanafunzi wakapitia picha zake moja moja, akamwambia kilichokosekana, hata kama masikio yatamwaka. Soma ukurasa wa mwisho. Nairobi wakikujibu vizuri kuliko Voi, nenda Nairobi. Mimi natamani ubaki hapa, sitakuficha, kwa sababu tangu baba yako aondoke nimezoea sauti yako pale studioni. Kwa hivyo popote utakaposikia navutia upande wa Voi, punguza kidogo. Na ukigundua umekosea, rudi. Sisi tuliokuombea hatutakuuliza kitu.

Lakini kabla ya chuo chochote, kesho asubuhi nenda Maungu, mama yako akiwa ameshapanga ndizi zake pale wanaposimama madereva. Atakwambia hajachana nywele. Atakwambia ungoje avae lile gauni la bluu. Usingoje. Mpige hivyohivyo, akigombana na madereva, akicheka. Ukimaliza, inua macho na utauona Kasigau kule nyuma yake. Uache. Kesho kutwa utakuwa palepale.

Mungu akupe macho ya kuona aliyekaa mbele yako kabla hajainuka. Akupe mwalimu wa kukwambia ukweli, na moyo wa kuusikia siku hiyohiyo, si miaka baadaye kama mimi. Akupeleke salama, akurudishe salama, na utukute wote nje, tumeoga, tumejipaka mafuta, tunakungoja na kamera yako.