Msibani Peleka Magogo

Sijaisahau, mwanangu, ile asubuhi ambayo vijana wa mtaa wetu walifika nyumbani kwetu na mashoka mabegani, wakatazama uani, kisha wakaondoka bila kuyashusha. Ndani ya nyumba baba yangu alikuwa amelazwa, amefunikwa shuka nyeupe. Nakumbuka nilifurahi kuwaona wakienda. Nilidhani tumewapumzisha.

Leo mimi ni mzee, na ninakuandikia nikiwa na hasira ambayo sitaki kuificha. Wiki iliyopita nimeyaona yale yale yakifanyika tena hapa Ujiji, na aliyeyafanya ni mjukuu wangu Shabani, kwa mashine ambayo mimi mwenyewe nilimsaidia kuichagua. Lakini nitakueleza polepole tangu mwanzo. Kukufokea bila kukueleza hakutakusaidia, na wewe pia unafanya biashara ya kuni, au unafikiria kuianza.

Kaka yangu Hamadi alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka. Kinu kilipofungwa, mwenye kinu alimwachia injini kuukuu ya dizeli. Hamadi akaipeleka Bangwe, karibu na ziwa, akaifunga kwenye zege, akaunganisha mkanda na msumeno wa mviringo. Mimi ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Kazi yangu ilikuwa kusukuma gogo, na yake kulipokea upande wa pili. Magogo yalishuka kwa lori kutoka kule Kalinzi, mengi ya mikaratusi, na mara mojamoja mtundu, mti wa porini ulio mgumu kama chuma.

Biashara ilikuwa nzuri, wala sisemi kinyume. Akina mama wanaochemsha mawese walitaka vipande virefu vya kuingia chini ya pipa. Mwenye tanuri la mikate alitaka vinene vinavyokaa na moto. Wakaushaji wa samaki walitaka kuni isiyo na harufu kali, mama lishe walitaka nyembamba. Zamani kila mmoja alichukua alichopata. Sisi tulimkatia kila mtu kipimo chake, tukakipanga chini ya paa la bati mpaka kikauke. Mtu aliyekuwa akipoteza siku nzima na shoka sasa alikuja, akapakia, akaenda kuendelea na shughuli zake. Mashine inaokoa migongo ya watu. Nimeona hivyo kwa macho yangu na bado naamini hivyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sisi wawili hatukuwa tumeelezwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyedhani linahitaji kuelezwa.

Mtaani kwetu Kasingirima, mtu akifa, vijana walikuja na mashoka kabla hawajaitwa. Wafiwa walitoa magogo, wakayabwaga uani. Kuni za kupikia msiba si nyingi. Vijana wanane wenye nguvu wangezimaliza upesi. Lakini hawakuwa na haraka. Mmoja alipiga, mwingine akanywa chai. Mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyomfukuza na fimbo alipokuwa mtoto, wenzake wakacheka kwa sauti ya chini. Shoka la fulani likanasa kwenye fundo, wakamtania mpaka likatoka. Asubuhi nzima ikapita hivyo. Na pale pale kwenye rundo la kuni ndipo mzee anayesimamia mazishi alipokuja kuchagua watu: wewe na wewe makaburini mkachimbe, wewe kafuate jeneza msikitini, nyie wawili maji ya kuoshea, wewe panda Kalinzi ukawape habari ndugu. Shughuli yote ya mazishi ilitokea kwenye lile rundo.

Baba alifariki baada ya sala ya Alfajiri. Hamadi alilia kidogo, kisha akanishika mkono. "Twende Bangwe," akasema. "Leo watu wasihangaike kwa ajili yetu." Aliwasha injini. Tukakata kuni za msiba wote, mpaka za matanga, tukazipakia kwenye mkokoteni na kuzipanga ukutani uani kwa mama, zimelingana kama matofali. Wanawake waliokuwa wakiosha masufuria walitusifu. Shangazi alisema hajawahi kuona kuni za msiba zilizokatwa vizuri namna ile.

Ndipo wakaja wale vijana. Aliyetangulia alikuwa Athumani, mvuvi, rafiki wa Hamadi tangu utotoni.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Magogo yako wapi?"

"Kazi imekwisha," Hamadi akamjibu. "Mashine imemaliza. Nendeni mkapumzike, mazishi ni baada ya Alasiri."

"Imemaliza zote?"

"Zote. Hata za matanga."

Athumani aliutazama ule ukuta wa kuni, akalitazama shoka lake. "Basi siku ukitufia sisi, hiyo mashine yako ndiyo itakayokuzika," akasema. Wenzake wakacheka. Walisimama kidogo, hawajui mikono yao waiweke wapi. Halafu mmoja akakumbuka nyavu zake zimechanika. Mwingine akakumbuka shamba la michikichi. "Tutarudi Alasiri," wakasema, na kwa kweli walikuwa na nia ya kurudi.

Mzee Rajabu, jirani yetu aliyesimamia mazishi ya mtaa, alitoka ndani alikompa mama pole, akaja uani kuchagua watu. Akakuta kuni.

"Vijana wako wapi?"

"Wameenda, Mzee. Tuliwaruhusu," Hamadi akasema.

Alivua kanzu, akaikunja, akaagiza sururu na chepe. Akaondoka na wazee wenzake wawili, mmoja wao akikohoa njia nzima. Mtaani kwetu mfiwa hapewi jembe siku ya msiba wake. Kazi yake ni kukaa na kupewa pole. Lakini ningekaaje? Mimi na Hamadi tuliwafuata, tukachimba kaburi la baba yetu kwa mikono yetu.

Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na laini. Chini yake kulikuwa na mawe. Sururu ilipiga ikaruka, ikapiga ikaruka. Mzee Rajabu alipigwa na kizunguzungu, akakaa ukingoni, akanywa maji, akarudi shimoni. Nilimwambia apumzike. Akaendelea kupiga sururu.

Ilipofika Alasiri tulisikia sauti za watu wakija na jeneza, *la ilaha illa Llah*, zinapanda na kushuka. Tuliinua macho. Shimo lilikuwa linafika mapajani. Mwanandani, ile nafasi ya ndani anapolazwa maiti, hatukuwa hata tumeianza.

Mwanangu, walilishusha jeneza la baba yangu chini, kando ya kaburi lisilo tayari, juani, na watu wote wakisimama kutazama. Wale vijana walikuwemo kwenye msafara, wameoga, wamevaa kanzu safi. Athumani alikuwa wa kwanza kuivua yake. Waliruka shimoni, wakatutoa kama watoto, wakachimba kwa zamu bila kusemezana. Walimaliza jua likiwa linagusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Baba alizikwa, alhamdulillah, lakini alisubiri.

Dua ilipokwisha, Mzee Rajabu alimshika Hamadi kifuani, mbele ya watu wote. Matope yalikuwa yamemkaukia mpaka kwenye kope.

"Nani alikwambia tunakuja kwako kupasua kuni?"

"Mzee, nilitaka kuwapunguzia watu kazi."

"Nani alilalamika?"

Hamadi akakung'uta udongo mikononi.

"Nakuuliza, Hamadi. Miaka yote hii, misiba yote hii, nani alilalamika? Mtaje!" Sauti yake ilipasuka. "Kuni hata mke wangu anapasua. Wale vijana walimjia baba yako. Umewaona mlangoni, umewashukuru, umewarudisha makwao. Baba yako amekaa juani kwa sababu ya kuni!"

Alimwachia, akaenda zake bila kuaga. Hakuna aliyemtetea Hamadi, na mimi sikumtetea.

Kesho yake Hamadi aliufungua mkanda wa mashine, akautundika ukutani. Tulichagua magogo matatu ya mtundu, yenye mafundo mabaya kuliko yote kiwandani, tukayaburuta mpaka nyumbani. Zile kuni zilizopangwa vizuri akawapelekea wachemshaji wa mawese, bure. Athumani alikuja asubuhi hiyo, akaona magogo uani.

"Mashine imeharibika?"

"Imefiwa," Hamadi akasema. "Nayo iko matangani."

Athumani akacheka mpaka akaketi. Walikuja wengine. Walipiga yale mafundo mpaka adhuhuri, na magogo hayakuisha. Mama alikuwa ndani tangu jana, hajala, hajasema na mtu. Alipaza sauti kutoka dirishani: "Huyo anayepiga kama anaua nyoka ni nani?" Wakamtaja. "Mwambieni alifuate fundo, asishindane nalo." Shangazi akampelekea uji, akaunywa.

Tangu siku hiyo, kwa miaka yote niliyoendesha kiwanda baada ya Hamadi, hakuna kuni iliyopasuliwa iliyotoka kwangu kwenda msibani. Yalitoka magogo. Nilidhani kila mtu nyumbani kwangu anajua. Kumbe nami, kama wazee wangu, nilidhani halihitaji kuelezwa. Kwa hilo sehemu ya hasira yangu inanirudia mwenyewe.

Wiki iliyopita jirani yetu, fundi cherehani, alifariki. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wanaume wenzangu. Nikasikia ngurumo. Shabani, ambaye sasa ndiye anayeendesha kiwanda, ameleta mashine mpya ya kupasulia kwenye guta, ameiegesha karibu na jiko, na wanawake ndani walikuwa wanamsomea marehemu Kurani. Vijana wa mtaa wamesimama pembeni, mikono mifukoni, wanarekodi kwa simu jinsi kabari inavyosukuma gogo likafunguka.

"Zima," nikamwambia.

"Babu, shikamoo. Dakika tano tu, namalizia."

"Zima!"

"Babu, natoa bure! Hata dizeli ni yangu!"

Nilijua anasema kweli. Moyo wake ni mzuri kama wa Hamadi, na ndiyo maana hasira ilinipanda zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningemwelewa. Alimaliza, akapeana mikono na wafiwa, akaondoka. Vijana nao wakatawanyika, huyu na bodaboda yake, yule na duka lake. Kaburi likachimbwa na vibarua wa kukodi. Nilipofika makaburini mmoja wao aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, marehemu ni mwanamume au mwanamke?"

Mtu ametushonea nguo za Idi sisi sote, tangu watoto mpaka wajukuu. Anachimbiwa na mtu asiyejua kama ni mwanamume au mwanamke!

Jioni ile Shabani alikuja kwangu. Nilimsimulia haya niliyokusimulia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo la maana: "Sasa Babu, vijana wa leo hawana mashoka. Hata nikipeleka magogo, watayapasua kwa kitu gani?" Swali zuri linastahili jibu, hata ukiwa na hasira.

Basi jibu langu kwake ni hili, na ndilo ninalokupa wewe.

Nunua mashine, mwanangu. Ijue vizuri, ifanyie matengenezo, usiuze kuni mbichi kwa kuwa tu mashine inaipasua kwa urahisi. Mama wa mawese atalia kwa moshi siku nzima kwa ajili yako. Wasaidie watu kwenye kazi yao ya kila siku kadiri unavyoweza. Lakini msibani zima injini. Peleka magogo mazima, mapema, yabwage uani penye kivuli. Kiwandani kwako weka mashoka kadhaa yaliyonolewa, yenye mipini imara, ya kuazimisha tu. Yapeleke pamoja na magogo. Kisha usiondoke. Shika shoka wewe wa kwanza, upige vibaya, watu wakucheke. Watasogea mmoja mmoja. Na usikubali kazi iishe haraka. Gogo likipasuka mapema mno, leta lingine. Mzee akija kuchagua wachimbaji, awakute.

Shabani amenunua mashoka. Ameyatundika pale pale Hamadi alipotundika mkanda.

Na siku yangu itakapofika, nataka mtundu wenye mafundo. Nikisikia mashine inanguruma uani kwangu siku hiyo, nitaamka nije niizime mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akubariki mikono yako na biashara yako. Ayape magogo yako mafundo ya kutosha, na uani kwako, siku ya dhiki, pasikosekane wa kukucheka na wa kukuchimbia. Amina.